Pini Ishirini na Nne

Mama Konso alizikwa mwezi uliopita, ng'ambo ya mpaka, kwenye kilima ambacho sijawahi kukiona. Binti yake Konsolata alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta maharage, akasema, "Dada Fausta, mama amepumzika," nami nikampa pole, nikabaki nimekaa pale pale kwenye jamvi na ungo mapajani. Sikwenda kuzika. Nilisema magoti yananisumbua, na kweli yananisumbua, ila siku nikitaka kwenda mahali magoti hayo hayo hunifikisha. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusimama pembeni mwa kaburi lake nikitambulishwa kwa waombolezaji kama rafiki wa familia. Kwa muda mrefu nimetaka kuuandika mwaka mmoja wa ujana wangu na sikuthubutu, kwa sababu wajukuu wa Mama Konso wanajua kusoma, na yeyote kati yao angeweza kumsomea bibi yake maneno yangu. Sasa hayupo wa kusomewa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha kukereza vyuma kutoka chuo cha ufundi, na kiburi cha mtu aliyezoea kuwa mwanamke peke yake darasani. Mambo ya nyumbani kwetu Mugoma nayaacha, hayana sehemu hapa. Karakana iliyoniajiri ilikuwa Kasulo, kando ya barabara ya malori yaendayo mpakani, na ukisimama mlangoni uliuona moshi wa majiko ya kambi ya wakimbizi ya Lukole. Lilikuwa banda la mabati lenye vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mashine, nacho kilikuwa changu. Cha pili kilikuwa cha moto, nacho kilikuwa cha Mzee Simeo. Cha tatu kilikuwa kijichumba kilichoitwa ofisi, alimoketi Bwana Masalu, mwenye karakana, na kati ya ofisi hiyo na mashine yangu palikuwa na ukuta wa mbao uliopigiliwa ovyo, kiasi kwamba Bwana Masalu akimenya karanga nilisikia maganda. Nyuma ya banda palikuwa na chumba cha nne, cha matofali, chenye mlango wa mbao na kitasa, kilichojaa matairi mabovu. Hicho nitakirudia.

Kazi iliyotulisha ilikuwa pini za springi za malori. Mwili wote wa lori hukaa juu ya springi, na springi hushikwa na pini, kipande cha chuma cha mviringo kinene kama kidole gumba cha mwanamume na kirefu kuliko kiganja, kinachosuguana na bushi yake, bomba fupi la chuma kinamopita, kutwa nzima juu ya mashimo ya barabara zetu. Pini inadaiwa mambo mawili yasiyopatana. Juu iwe ngumu, isilike. Ndani iwe na uvumilivu, ipokee vishindo isikatike. Ukitumia chuma cha kujengea nyumba, kinalika kwa wiki mbili. Ukitumia chuma kigumu chote, mfano wa tupa, kitakatika siku ya kwanza kwenye shimo la kwanza. Kwa hiyo Bwana Masalu aliagiza Mwanza fito maalumu, zilizopakwa rangi mwishoni zisije zikachanganywa na nyingine, chuma chenye kaboni kidogo kilichotiwa nikeli na kromi. Zikija zilikuwa laini, zinakerezeka vizuri, nyuzi ndefu za chuma zinatoka kwenye mashine na kuanguka miguuni zikiwa bado moto. Ugumu hazikuja nao. Ugumu zilipewa pale, kwenye chumba cha Mzee Simeo, na ni ngozi ya juu tu iliyoupata. Nikieleza jambo hili kwa watu, hasa watu wa kanisani, hupenda kuligeuza mahubiri, ati wako binadamu wagumu nje na laini ndani. Mimi mahubiri hayo yananichosha. Chuma ni chuma. Mzee Simeo hakuwa mgumu nje wala ndani, alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi.

Alikuwa Mrundi, amejifunza kazi hiyo kwenye karakana ya meli kule ziwani kwao, na aliishi Lukole na mke wake, binti yao Konsolata aliyekuwa na miaka kumi, na mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa kambini. Watoto wao wawili wakubwa walibaki Burundi chini ya udongo, na hilo niliambiwa mara moja tu. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, na kibali cha Mzee Simeo kilitegemea barua aliyoandikiwa na Bwana Masalu kila mwezi, kwamba mtu huyu anahitajika. Lakini kazi yenyewe haikuanza na yeye. Ilianza na mke wake. Chuma kile hulishwa. Unazipanga pini ndani ya sanduku la chuma, unazifukia kwa unga wa makaa uliochanganywa na mifupa iliyochomwa na magadi, unafunga kifuniko kwa udongo wa kichuguu, unaweka sanduku motoni alfajiri na kulitoa jioni, na kwa saa zote hizo wekundu wa moto unaiingiza kaboni ya makaa kwenye ngozi ya pini. Baadaye unaichovya kwenye oili. Makaa, mifupa na magadi vyote vilitoka mkononi mwa Mama Konso. Mifupa aliiomba kwa wauza nyama wa Kasulo, makaa aliyaanika siku tatu juu ya bati, kisha akayatwanga. Alikuwa na vinu viwili, cha makaa na cha kisamvu, na nilimwona siku moja akimpiga Konsolata kofi kwa kuvichanganya.

Nilikuwa nakula kwao Jumapili. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, juu turubai, chumba kimoja kilichogawanywa kwa khanga, na ndani mlikuwa na harufu ya moshi na sabuni, kwa maana Mama Konso alifua kila siku kana kwamba kuna mgeni wa maana anakuja. Tulikula ugali wa mahindi ya mgao na maharage aliyoyaivisha kwa magadi yale yale ya pini. "Mume wangu anakipikia chuma," aliwahi kuniambia kwa Kirundi, nami nikimjibu kwa Kihangaza, lugha hizo mbili zinasikilizana bila taabu. "Mimi namwandalia mboga. Kisha wanamsifu yeye." Mzee Simeo akacheka mpaka akakohoa. Mama Konso alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno, na alinitania sana kwamba nitaolewa na mashine. Hata leo nikifikiria nyumba yenye raha ni turubai lile linalonijia kwanza, na naona aibu kwamba linanijia.

Katikati ya mwaka alikuja mtu mwenye malori ya kubeba maji, akasema atajaribu pini zetu. Kama zikidumu, kazi ya malori yake yote ingekuwa ya Bwana Masalu. Aliagiza ishirini na nne. Bwana Masalu akamwita Mzee Simeo mbele yangu, akamwambia kwamba tenda hiyo ikipatikana atakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kambi kumwombea ruhusa ya kuishi nje ya kambi na familia yake, kwenye chumba cha nyuma, chenye mlango wa mbao. Siku ya pili Mama Konso alifika akiwa na mtoto mgongoni, akayatoa matairi moja moja, akafagia. Hakuna aliyemtuma. Alisimama katikati ya chumba kitupu, akafunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena. Mimi nilikuwa nje nikimsikiliza akicheza na kitasa.

Mzee Simeo alikuwa na sheria moja aliyonirudia kila wiki. "Binti, maliza kukereza kabla ya moto. Ipe pini kipimo chake, tena ipunguze unywele, maana chuma kikishiba kinanenepa. Ikishatoka motoni imekuwa nyeusi, iache nyeusi. Usiiguse. Ngozi yake ni kama ukucha tu kwa unene, ukiichuna umebaki na chuma cha kawaida." Nilimwitikia ndiyo mzee. Lakini chuoni tulifundishwa kinyume, kwa kazi nyingine na chuma kingine: acha nyama, yaani unene wa ziada, utamalizia mwishoni. Na mimi niliamini zaidi mwalimu mwenye ubao kuliko mzee mwenye masizi. Kwa pini zile ishirini na nne, kwa kuwa zilikuwa za maana, niliacha nyama. Kidogo tu, nikijiambia ni kwa usalama. Sikumwambia.

Zilitoka kwenye oili Jumanne jioni, nyeusi, nzuri. Jumatano ilikuwa siku ya mgao wa chakula, Mzee Simeo alibaki kambini kupanga foleni, na asubuhi hiyo mtu wa malori alituma ujumbe kwamba anazifuata mchana. Nikachukua bushi kujaribu. Hazikuingia. Nilijaribu ya pili, ya kumi, zote ziligoma, na nyingine zilikuwa zimepinda kidogo kama ilivyo kawaida ya chuma kilichopita motoni. Bwana Masalu alichungulia akaniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu bosi, nazisafisha. Nikafunga jiwe la kunolea kwenye mashine, nikazichuna moja baada ya nyingine mpaka saa tisa alasiri. Baada ya ile ya kwanza niliijaribu kwa tupa, na tupa iliteleza, kama inavyotakiwa kwa chuma kigumu. Ya pili tupa iliteleza upande mmoja, na upande wa pili ikauma. Sikuijaribu ya tatu. Sisemi kwamba sikujua. Nilijua, nikaiweka tupa kwenye droo na kuendelea. Zilimalizika zikiwa zinang'aa, na Bwana Masalu alitoka na moja nje kwenye jua, akaizungusha, akasema, "Hizi sasa ndizo pini. Siyo yale magome ya Simeo." Nilifurahi. Nililipenda neno lile kwa nusu saa nzima, kisha gari likazichukua.

Alhamisi Mzee Simeo aliniuliza kama ziliingia. Nikasema ziliingia.

"Ziliondoka nyeusi?"

"Nilizisafisha kidogo, mzee."

Alilitazama jiwe, akatazama chini yake, mahali ambapo vumbi la kijivu lilikuwa limelala kama unga chini ya kinu. Aliinama akachota kidogo, akalisugua kati ya vidole. Nilingoja aseme. Akaenda kuwasha moto wake, na siku nzima nilimsikia akikohoa tu.

Wiki tano tuliishi kama watu wanaongoja barua. Mama Konso alileta mkeka wake mmoja akautandika kwenye chumba cha nyuma, ati upate hewa. Konsolata alikuwa akija na ndoo ya makaa ya mama yake, na kabla ya kurudi hukaa dakika chache mle ndani peke yake akiimba nyimbo za shule. Mimi nilikuwa siwezi kumtazama. Wiki ya sita mtu wa malori alirudi na pini kwenye ndoo. Zilikuwa zimelika upande mmoja, zimekuwa bapa kama embe lililonyonywa. Lori moja lililokuwa limejaa maji lilikuwa limelala mtaroni kwenye mteremko, dereva amevunjika mkono. Aliimwaga ndoo mezani kwa Bwana Masalu, akaondoka bila kukaa.

Mzee Simeo aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa kwenye mashine, nimeizima, na ukuta ni ule wa mbao.

"Simeo, njoo uone. Tupa inaziuma hizi kama muhogo. Ulifanya nini?"

Nikasikia pini ikiokotwa mezani. Nikajua anaitazama, na kwamba mtu wa kazi ile hahitaji zaidi ya kutazama. Alama za jiwe zilikuwa bado zinaonekana upande ambao haukulika.

"Makaa, bosi," akasema.

"Makaa yamefanyaje?"

"Yalikuwa mabichi. Yalishika maji. Makaa yenye maji hayalishi chuma. Nilipaswa kuyaangalia, sikuyaangalia."

"Umeniharibia."

"Ndiyo, bosi. Nimekosa."

Makaa yale nilikuwa nimeyashika kwa mikono yangu yakiingia sandukuni, makavu yanapiga kelele kama vigae. Mlango wa ofisi ulikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Nimezipiga hatua hizo mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri chai ichemke, na kila mara nafika, naufungua mlango na kusema ni mimi. Siku yenyewe sikunyanyua mguu. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya hilo niliogopa kusikia Bwana Masalu akisema alijua tangu mwanzo kwamba mwanamke hawezi kazi hii. Hofu hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda. Naitaja kwa kuwa watu hudhani woga wote ni wa njaa.

Mwisho wa mwezi barua ya kibali haikuandikwa. Mkeka wa chumba cha nyuma ulichukuliwa na Konsolata, ameukunja kichwani. Jumapili iliyofuata nilikwenda Lukole nikiwa nimeyapanga maneno njia nzima. Mama Konso alinipokea, nikamwamkia, akaniitikia, akaniletea chakula kwa mikono miwili kama kawaida, dengu za njano safari hii. Ila hakukaa kula nasi. Hakunitania. Alikaa upande wa pili wa khanga na mtoto, na nilidhani ana hasira na Bwana Masalu, nikaona ni haki yake. Mzee Simeo aliongea habari za mvua. Aliponisindikiza mpaka mwisho wa nyumba ndipo nilipoanza, "Mzee, zile pini..."

"Siku nyingine usiache nyama," akasema.

Nikalia, nikiwa nimesimama katikati ya njia, watu wanapita na madumu ya maji. Aliningojea nimalize, kama mtu anayengoja chuma kipoe. Kisha akasema, "Wewe bado una kazi. Nenda kaifanye," akageuka akarudi nyumbani kwake. Sijui mpaka leo kwa nini alinifichia kosa langu. Nimefikiria mengi. Ninaloliona karibu na ukweli ni kwamba alitafuta kosa lisilo la mtu, akaona makaa mabichi ni kosa la mvua tu, halimuumizi yeyote. Nilikaa na shukrani hiyo na aibu hiyo, na sikuwahi kujiuliza makaa yale yalitoka mkononi mwa nani.

Kabla mwaka haujaisha walirudi Burundi. Malori ya warudio yalipita mbele ya karakana, nami niliwasha mashine bila kazi yoyote ndani yake ili kelele yake ijaze chumba. Nilikirithi chumba cha moto. Niliishika ile sheria kama mtu anayeshika amri za Mungu, pini zangu zilitoka nyeusi na ziliondoka nyeusi, na baada ya miaka miwili mtu wa malori ya maji alirudi mwenyewe akaomba kazi. Bwana Masalu alifurahi akanipa chumba cha nyuma niishi. Nilikikubali. Nililala nyuma ya mlango ule wa mbao miaka kumi na mmoja, mpaka nilipofungua karakana yangu Biharamulo, na kila jioni nilikizungusha kitasa kile kwa mkono huu.

Konsolata alinipata miaka miwili iliyopita. Anafanya biashara ya maharage, anavuka mpaka Kabanga kila baada ya wiki chache, na mtu sokoni alimtajia fundi mwanamke wa pini. Niliona mama wa makamo, mnene, anasimama kwenye mlango wangu akisema shikamoo dada Fausta kwa sauti ya Mama Konso, nikashika meza. Tulikaa, nikamletea chai na mihogo ya kuchemsha. Aliniambia baba yake amefariki miezi minne nyuma, kwa kile kifua. Tangu warudi hakuwasha tena moto wa chuma, alitengeneza baiskeli. Nilimwuliza habari za mama.

"Mama yupo, macho ndiyo hayaoni vizuri. Lakini dada, ana jambo linalotuchosha. Makaa. Hata ya kupikia chai lazima ayaanike siku tatu. Tukimwambia yamekauka, anasema, 'Hata yale ya Kasulo nilisema yamekauka.'"

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nikakiweka chini.

"Ndivyo tulivyokosa kile chumba," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo lililozoeleka nyumbani. "Makaa yake yalikuwa mabichi. Tukarudi, na mdogo wangu, yule aliyezaliwa kambini, akafariki mwaka ule ule tuliorudi, na mama akalihesabu hilo pia juu yake. Baba hakumgombeza hata siku moja. Mama husema angemgombeza ingekuwa nafuu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nyama, jiwe, tupa niliyoiweka kwenye droo, ukuta wa mbao, hatua nne. Alisikiliza akiwa anamenya muhogo ambao hakuula. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Baba alijua?"

"Alijua tangu ile Alhamisi."

Nje mtu alikuwa anagonga rimu ya pikipiki, na nilitamani aendelee asinyamaze. "Basi alimwona akianika," akasema mwishoni. "Miaka yote. Alikuwa anakaa pale kwenye kigoda na baiskeli zake, anamwona." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. Nilitaka kumtetea Mzee Simeo. Nilitaka kusema labda alisahau uongo wake mwenyewe, au aliogopa, kadiri miaka ilivyozidi, kama mimi nilivyoogopa. Sikuona kama nina haki ya kumtetea mtu aliyeharibikiwa kwa ajili yangu. Mzee kwa kunitazama mimi, na mimi kwa kutazama mlango wa ofisi, tulimsahau wote wawili mwanamke aliyetulisha.

"Niache nimwambie," nikasema. "Mpigie simu nimwambie mwenyewe."

"Ukimwambia kosa lilikuwa lako, atakuuliza kama baba alijua." Alinitazama usoni. "Utamwondolea mzigo, dada, na utamwondolea mume."

"Na nisipomwambia?"

Alitoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaongea kwanza na kijana aliyeipokea, akangoja mama apelekewe. Kisha akaiweka kwenye sauti ya wazi, akaniwekea mkononi. Nilimwamkia. Alinitambua baada ya kutajiwa jina mara mbili, akacheka, akauliza kama nilishaolewa na ile mashine. Nikasema ndiyo mama, niliolewa nayo. Kisha nikasema kwa Kihangaza, polepole, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito:

"Mama, makaa yako yalikuwa makavu. Yale ya Kasulo. Mimi ndiye niliyeziharibu zile pini, nilizichuna kwa jiwe siku ya mgao mzee alipokuwa foleni. Niliogopa kusema."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtoto akiitwa aondoke juani. Nilidhani simu imekatika.

"Yalikuwa makavu?"

"Makavu kabisa, mama. Niliyashika mwenyewe."

"Niliyaanika siku tatu."

"Najua, mama. Niliyaona."

Alihema. Sikusikia hasira, wala sikusikia msamaha, na sikuomba. Alikuwa kama mtu aliyetua kitu kichwani na hajui bado aweke wapi mikono. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Simeo alijua?"

Konsolata alikuwa ameinama, ameufunika mdomo wake kwa mikono miwili, ananitazama.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakujua."

"Nilijua," akasema Mama Konso. "Angejua, angeniambia."

Konsolata akaichukua simu mkononi mwangu, akazima ile sauti ya wazi, akamwuliza mama yake kama amekula.